Kuku Aliyemeza Mjusi

Jembe langu ndilo lililomtoa wa kwanza. Nilikuwa nimelizamisha kwenye mchanga wa shamba jipya, nikalivuta, na udongo ulipogeuka nikaona kitu kinang'aa kama kidole kilichopakwa mafuta. Nilidhani ni nyoka, nikaruka nyuma. Kisha nikaviona vijiguu vyake, vidogo mno kwa mwili ule mnene. Kabla sijamwita mtu, alizama tena mchangani kama samaki anavyozama majini.

"Ni mjusi tu," mume wangu alisema, hata hakuinua kichwa. "Hawa huishi chini. Lima."

Tulilima. Kadiri tulivyolima ndivyo walivyozidi kutoka. Tuta moja liliweza kutoa wengi kuliko viazi. Kuku wa mama mkwe, waliokuwa wamesafiri nasi kwenye matenga kutoka Shinyanga, walijifunza upesi sana. Walitufuata nyuma ya jembe kama ng'ombe wanavyomfuata mchungaji, wakagombania wale mijusi, mmoja akivuta kichwa na mwingine mkia, na aliyeshinda akawa anameza huku amenyoosha shingo na kufumba macho.

Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Kwetu Shinyanga ardhi ilikuwa imechoka, ng'ombe wamekuwa wengi na malisho yamekwisha, na watu walikuwa wakihama kwa makundi kwenda Geita, ambako msitu ulikuwa bado unafyekwa na pamba ilisemekana inaota hata mahali ulipopiga chafya. Baba mkwe alihama akiwa mtu mzima tayari, mwenye mvi. Alipewa eneo na mwanangwa wa pale, mkuu wa kijiji, upande wa kaskazini wa mgodi wa dhahabu, katikati ya vichaka na mchanga ule mwepesi tunaouita luseni. Alikuja na mkewe, na mume wangu ambaye ndiye mwanawe wa mwisho, na mimi, na ng'ombe.

Niseme jambo moja kunihusu mimi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Nilipohamia Geita nilikuwa nimekwisha kupoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka yenyewe, mapema. Ya pili ilitoka baada ya kunyweshwa dawa ya mchango. Kwa Kiswahili neno hilo hutumika kwa minyoo na hutumika pia kwa ugonjwa wa tumbo la uzazi. Kwa Kisukuma tunalo neno nzoka, ambalo ni nyoka wa porini na ni huyo pia anayeishi ndani ya mtu. Ndivyo walivyosema wazee wa Shinyanga: mke huyu ana nzoka tumboni, anakula watoto kabla hawajazaliwa. Wakachemsha mizizi, nikanywa, nikaendesha kutwa nzima, na jioni nikaona damu. Walisema dawa imechelewa. Tangu siku ile, harufu ya mizizi ile ikichemka sikuweza kukaa karibu nayo.

Sasa nilikuwa mjamzito tena. Nilimwambia mama mkwe peke yake. Alinitazama tumboni, akatazama shambani, akasema, "Mijusi hao usiwaguse kwa mkono."

"Wana sumu, mayu?" Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na mimi sikuwahi kumwita vingine.

"Sijui wana nini. Shinyanga sikuwaona wengi hivi mahali pamoja. Kitu kisichopenda jua usikipeleke kwako."

Kila siku baada ya jua kupita utosini, ardhi ilitikisika. Baruti zilikuwa zinalipuliwa mgodini, chini huko, na kule kwetu tulisikia mshindo kwenye nyayo kabla ya kuusikia masikioni. Mume wangu alikuwa amefanya kazi huko chini kabla ya kunioa. Yeye hakuujali mshindo. Lakini mimi niliona kwamba kila ulipopita, mchanga kwenye kingo za matuta ulimiminika kidogo, na mara nyingine mkia mmoja ulitokeza na kurudi ndani. Nilianza kuona kama tunakaa juu ya kitu kilichojaa.

Nyumba ilipokwisha kuezekwa, baba mkwe alisema ni lazima tuulize. Kuuliza maana yake ni kumpelekea kuku mfumu, yule anayesoma ndani ya kuku kama wengine wanavyosoma kitabu: alama kwenye mbawa, rangi ya ini, jinsi utumbo ulivyolala. Baba mkwe alitaka kujua kama ardhi imetupokea. Mama mkwe alikuwa amemwambia habari ya mimba, kwa hiyo akasema kuku atakuwa wangu mimi. Kama ardhi imempokea aliye tumboni, imewapokea wote.

Mkwe wa kike kwetu haongei ovyo na baba mkwe. Nilipiga magoti mbali kidogo, nimeinamisha uso, na yeye akazungumza na mkewe ingawa maneno yalikuwa yangu.

"Mwambie mkamwana achague kifaranga kilichokwisha kuota mbawa. Akitemee mate mdomoni. Kisha kifungiwe, kisichanganyike na wengine."

Nilimchagua mweupe mwenye doa jekundu mgongoni. Nilimfungua mdomo, nikamtemea mate, na kuanzia hapo yule kuku hakuwa tena kuku wa kawaida. Alikuwa mimi. Nilimfunika kwa tenga kando ya ghala na kumpa mtama na maji kwa mkono wangu.

Siku ya kwenda tulitoka asubuhi, jua likiwa limeshika majani. Baba mkwe alitangulia, mume wangu akafuata na kuku kwapani, kisha mimi na mama mkwe. Njia ilipita kwenye vichaka ambavyo vilikuwa havijafyekwa, vya aina ile ambamo mbung'o hukaa wakimngoja ng'ombe. Nakumbuka tulikutana na wanawake wanaotoka Nkome wakiwa na dagaa vichwani, tukasalimiana "mwangaluka, mwangaluka", na mmoja wao alipomwona kuku kwapani mwa mume wangu alijua tunakokwenda, akatupisha njia kwa adabu.

Mfumu alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati la kaki lililofuliwa vizuri na mikono myembamba. Hakuwa na mbwembwe. Alituketisha kivulini mwa nyumba yake, akauliza tunatoka wapi, akamchukua kuku, akampapasa kifua.

"Ameshiba," alisema.

"Alikula mtama jana," baba mkwe akajibu.

Mfumu alimuua kuku kwa namna yao, akamnyonyoa kifua na mbawa, akamlaza chali juu ya ngozi. Kisu chake kilikuwa kidogo. Alianzia shingoni kushuka chini, taratibu. Alipofika kwenye ule mfuko wa shingoni ambamo kuku huhifadhi chakula kabla hakijashuka, kisu kilikwama kidogo, akakikaza, mfuko ukapasuka.

Kilichotoka hakikuwa mtama. Ulitoka mkia kwanza, umenyooka, unang'aa bado. Kisu kilikuwa kimempasua na mjusi mwenyewe tumboni, na kutoka kwenye lile tumbo la mjusi vikaanza kutoka vitu vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea. Vilikuwa hai. Vilijikunja na kujikunjua juu ya nyama ya kuku wangu, vikitafuta pa kuingia.

Mama mkwe alishika mdomo. Mume wangu aligeuka upande. Mimi niliona mate yangu yanajaa mdomoni nisiweze kuyameza.

Mfumu alifuta kisu chake kwenye nyasi, akakiweka chini.

"Huyu simsomi," alisema.

"Huwezi?" baba mkwe aliuliza.

"Simsomi. Kuku akija na tumbo la mwingine ndani ya tumbo lake, nisome la nani? Leteni mwingine."

"Hayo yaliyotoka ni nini?"

"Ni minyoo ya mjusi, baba."

"Umewahi kuiona ndani ya kuku wa kuuliza?"

Mfumu alikuwa mtu mkweli. Nimefikiri mara nyingi kwamba angekuwa mwongo kidogo tu, mambo yangekwenda vingine. Alisema, "Sijawahi."

Baba mkwe alisimama. "Basi hakuna haja ya mwingine," alisema. "Jibu nimeliona kwa macho yangu."

Tulianza kurudi. Njiani ardhi ilitikisika kwa baruti za mgodini, na nilimwona baba mkwe, aliyekuwa mbele, akisimama mguu mmoja ukiwa umeinuka, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Jioni ile chakula changu kililetwa kwenye bakuli la peke yake. Hakuna aliyetangaza lolote. Lilikuwa tu pale, mbali na mabakuli mengine, na michembe michache, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani yake. Mume wangu alikaa nje akichonga mpini wa jembe ambao ulikuwa umekwisha kuchongwa. Nilipomfuata, alisema bila kunitazama, "Baba anasema nzoka imekufuata kutoka Shinyanga. Anasema ilijificha, na sasa imejionyesha."

"Na wewe unasemaje?"

Alivuta kisu kwenye mti. "Nasema alikuwa mjusi. Lakini yeye ni baba."

"Anataka nini?"

"Unywe dawa. Ukinywa ikatoka, utakaa. Usipokunywa, nikurudishe kwenu."

Nilimwambia kwamba nikinywa, kitakachotoka tunakijua wote wawili. Aliinamisha kichwa juu ya ule mpini, akaendelea kuchonga mpaka ukawa mwembamba na haufai.

Kesho yake baba mkwe alitoka mapema kwenda kuchimba mizizi. Alijua miti yake, na msitu wa Geita ulikuwa nayo kwa wingi. Alirudi na mzigo, akamkabidhi mkewe, akaenda zizini. Nilimwona mama mkwe anaikata vipande na kuvitia chunguni. Moto ukashika. Harufu ile ile ikaja, ikapita uwanjani, ikanikuta nimekaa kwenye mlango wangu, nikainuka.

Sijui nilipata wapi wazo lile. Pengine halikuwa wazo hata kidogo, ilikuwa ni kutaka kufanya chochote wakati chungu kinachemka. Nilichukua jembe na kisu cha kumenyea mihogo, nikaenda mwisho wa shamba, upande ambao bado ulikuwa haujalimwa. Nikachimba. Mjusi wa kwanza nilimshika kwa mkono, yule niliyekatazwa nisimguse. Alikuwa wa baridi na mwenye nguvu, alijipinda kiganjani kama msuli. Nilimuua kwa mpini, nikamlaza juu ya jiwe bapa, nikampasua.

Walikuwamo. Weupe, wamejikunja kwenye utumbo wake kama uzi uliovurugika.

Nikachimba mwingine. Walikuwamo. Mwingine hakuwa nao, na nilimpekua vizuri, hakuwa nao kabisa. Aliyefuata alikuwa nao wengi kuliko wote. Nilikwenda mbali zaidi, vichakani, mahali ambapo hakuna kuku wetu aliyewahi kufika wala mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga, na huko pia walikuwamo. Niliwapanga juu ya jiwe mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nalia nadhani, maana nakumbuka kupangusa uso kwa sehemu ya juu ya mkono ili vidole vyenye uchafu visiniguse macho.

Mmoja alikuwa mnene kuliko wenzake. Nilipompasua, niliona kwanza mayai, meupe na laini, yamepangana mwilini mwake pande zote mbili. Minyoo ilikuwa kwenye utumbo, pembeni kabisa mwa mayai. Haikuwa imeyagusa. Mjusi yule alikuwa na mafuta tumboni na ngozi yenye afya, na bila jembe langu angetaga.

Niliendelea kumtazama mpaka kivuli kikaniangukia. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na kibuyu cha dawa mkononi, mvuke bado unatoka.

"Umekuwa mwendawazimu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tazama, mayu."

"Sitaki kutazama."

"Tazama. Huyu nimemtoa pale. Huyu vichakani. Huyu kule kwenye kichuguu. Wote wanayo. Sikuwatemea mate hawa. Ni minyoo yao, wanaishi nayo. Na huyu, tazama huyu, ana mayai."

Alikataa, akageuza uso. Kisha akageuka tena polepole, akachuchumaa. Magoti yake yalilia. Alichukua kijiti, akasogeza utumbo wa yule mjusi mnene upande, akayatazama mayai, akayahesabu kwa midomo bila sauti. Alikaa hivyo mpaka mvuke wa kibuyu ukaisha.

"Nilimfungulia mimi," alisema.

"Nani?"

"Kuku wako. Asubuhi ile ya kwenda, nilimwona amejikunyata chini ya tenga. Nilisema atakufa kabla hatujafika, nikamfungulia anyooshe miguu. Alikimbilia shambani. Nilimshika, lakini alikuwa amekwisha kumeza kitu. Nikadhani ni panzi." Alipangusa kijiti kwenye mchanga. "Pale kwa mfumu niliposhika mdomo, sikuwa nashangaa. Nilikuwa naogopa nitasema."

"Mwambie baba."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto. "Nimwambie nilimharibu kuku wa kuuliza? Atasema nami niliongozwa na nzoka. Atasema tuko wawili."

Akasimama, akaenda kwenye shina la mti uliokatwa, akamimina dawa yote. Mchanga ukainywa mara moja, ukabaki mweusi.

"Ukiulizwa, umekunywa," alisema. "Ukiulizwa kilichotoka, nitajibu mimi."

Pengine ingekwisha pale. Lakini kunguru walikuwa wameona lile jiwe. Walishuka mmoja mmoja, kisha kundi, wakapiga kelele, na baba mkwe zizini akadhani ndama amekufa. Alikuja na fimbo yake. Tulimwona akikaribia, na hatukuwa na muda wa kufukia chochote.

Alifika, akafukuza kunguru, akatazama. Sisi tulikuwa tumepiga magoti. Alitembeza macho yake juu ya jiwe lile kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, kwa kila tumbo lililopasuliwa. Minyoo mingine ilikuwa bado inajikunja juani.

"Wametoka wapi hawa?" alimuuliza mkewe.

"Shambani, baba watoto. Na vichakani. Kila mahali. Mkamwana anasema ni minyoo yao wenyewe, haikutoka kwake."

Nilithubutu kuinua macho kidogo, nikauona uso wake. Nilikuwa nimetarajia hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua ghala na kukuta mtama wote umekuwa unga wa wadudu.

"Kwa hiyo si mmoja," alisema. "Ni wote."

Hakuitaja tena nzoka yangu. Kwangu jambo lilikuwa limekwisha, nilielewa hivyo mara moja, na kwa nukta chache nilipumua. Kisha nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimemtoa mwanamke mmoja kwenye lawama na kuiweka ardhi nzima mahali pake.

Siku zilizofuata alitembea kwenye eneo lake akichokoa mchanga kwa ncha ya fimbo. Kila mjusi aliyetoka alimpasua. Hakupasua kwa kutafuta kujua, maana alikwisha kujua. Alikataa kula chochote kilichotoka kwenye ardhi ile. Alikataa maji ya kisima tulichochimba, akawa anatuma tukayateke mtoni, mbali. Usiku alitandika ngozi juu ya kichanja cha miti, asilale karibu na chini. Baruti zilipotikisa ardhi, alikuwa anasema, si kwa mtu yeyote, "Wanawaamsha. Wanachimba na kuwaamsha."

Mvua za kwanza zilipoonekana upande wa ziwa, alimwita mwanawe.

"Tunarudi. Fungeni vitu."

"Baba, shamba limekwisha kulimwa. Mbegu ya pamba tumepewa."

"Ardhi hii imeliwa ndani. Utapanda juu ya nini?"

"Hata Shinyanga kuna mijusi, baba."

"Shinyanga naijua. Walioko chini kule ni baba zangu."

Mume wangu hakuwahi kubishana na baba yake tangu nimjue. Alisimama, mikono imening'inia, akasema, "Mke wangu hawezi kutembea safari hiyo. Mimi nabaki."

Baba mkwe hakupaza sauti. "Basi ukitoka hapa, uje ukiwa umenawa," alisema. Kesho yake aliondoka na ng'ombe karibu wote, na kijana wa kuajiriwa wa kumsaidia njiani. Mama mkwe alisema atamfuata nikishajifungua. Alisimama kwenye njia mpaka vumbi la ng'ombe likatua.

Miezi ile sipendi kuikumbuka. Mume wangu alipanda pamba, kisha akarudi mgodini ili tupate chumvi na nguo, akawa anakuja nyumbani mara moja moja, macho mekundu kwa vumbi. Tulibaki wanawake wawili na mvua. Mchanga ulipolowa mijusi walihamia kwenye kuta. Tuliwasikia ndani ya nyasi za paa na chini ya mitungi. Mama mkwe hakusema anaogopa, lakini kila nilipoamka nilimkuta ameketi ananitazama, na kila asubuhi aliweka viganja vyake viwili tumboni kwangu, anasikiliza kwa mikono. Akisikia mtoto amecheza, uso wake haukufurahi. Alikuwa anajiuliza kilichocheza ni nini.

Nami nilianza kujiuliza. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Niliona kwa macho yangu mayai yale, mazima, na minyoo pembeni, nikajua nilichojua. Lakini mtu anaweza kujua jambo mchana na asilijue akilala. Niliota natapika nyuzi.

Nilijifungua wakati vitumba vya pamba vinaanza kupasuka, mama mkwe akiwa ndiye mkunga. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mama mkwe alimgeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akamkagua mdomo, masikio, kitovu. Kisha akaketi chini na kulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha, na mama mkwe hakuitaja tena safari ya kumfuata mumewe. Kila asubuhi, kabla sijamnyonyesha, alimchukua mtoto na kumbonyeza tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kutoka mbavuni mpaka chini. Hakuniomba ruhusa wala mimi sikumzuia. Mtoto alizoea, akawa anacheka. Alipoanza kutambaa na kula mchanga kama watoto wote wanavyokula, siku moja nilisikia ukimya nyuma ya nyumba, nikaenda. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kinyesi cha mtoto. Palikuwa na mnyoo, mmoja, mrefu, wa rangi ya waridi iliyofifia.

"Watoto wote huwa nao, mayu," nilisema. "Hata mimi nilikuwa nao. Huu ni mnene, wala haufanani na ile ya mijusi."

"Najua," alijibu.

Aliuchukua kwa jani, akaenda nao mbali sana, ng'ambo ya mpaka wetu. Aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Hakumwambia mwanawe, nami sikumwambia. Tulimpeleka mtoto zahanati, akapewa dawa ya kijiko, na baada ya hapo akanenepa.

Habari ya kwamba baba mkwe amefariki ililetwa na dereva wa lori la pamba. Alituambia kwamba ng'ombe wengi walikuwa wamekufa kwa kiangazi, na kwamba mzee mwenyewe alikuwa amekataa chakula siku za mwisho, akisema kina ladha ya mchanga. Tulipanda lori lile lile lilipokuwa linarudi, mume wangu, mama mkwe, mimi na mtoto ambaye sasa alikuwa anatembea.

Msiba ulikuwa umejaa. Ndugu wa marehemu walimpokea mume wangu, wakamlilia mama mkwe, wakamshika mikono. Mimi nilisalimiwa vizuri, kwa mbali. Kisha mwanamke mmoja wa ukoo, bila ubaya usoni, alitandika ngozi kando ya zizi, peke yake, akaniambia, "Kaeni hapa na mtoto. Hapa kuna hewa."

Nilielewa. Yule mzee alikuwa amesimulia kabla hajafa, na simulizi lilikuwa limefika kila nyumba. Wanawake walikuwa wakimtazama mwanangu tumboni. Mmoja alimvuta mtoto wake karibu na magoti. Nilikaa kwenye ile ngozi, nikampakata binti yangu, nikaona ndivyo itakavyokuwa siku zote atakapofika hapa.

Mama mkwe alikuwa amekaa katikati ya wafiwa, kichwa kimefunikwa. Alitutazama. Aliinuka kwa shida, akajikokota mpaka kando ya zizi, akamchukua mtoto mikononi mwangu. Akarudi naye katikati, akaketi mahali pake, akamketisha kwenye mapaja yake, mbele ya watu wote.

"Huyu nimemzalisha kwa mikono hii," alisema. "Tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi nimemshika tumbo. Hana kitu. Anayetaka, aje amshike mwenyewe."

Hakuna aliyekuja. Kilio kilikuwa kimekatika, na kwa muda tulisikia ng'ombe waliobaki wakijikuna kwenye boma. Kisha dada wa marehemu, bibi kizee aliyekuwa haoni tena, alinyoosha mkono hewani, akiutafuta mwili wa mtoto, akaupata, akauacha mkono wake hapo.

Niliitwa kuketi karibu nao wakati wa kula.